Kupanda Teide kwa Baiskeli: Namna ya Kuandaa Mwili, Dawa na Saa ya Kurudi

Utangulizi

Mlima Teide umesimama katikati ya kisiwa cha Tenerife, mojawapo ya Visiwa vya Kanari vilivyo chini ya Hispania, ng'ambo ya pwani ya kaskazini-magharibi mwa Afrika. Ni volkeno hai yenye kimo cha mita 3,715, na ndiyo kilele kirefu kuliko vyote katika Hispania. Mlipuko wa mwisho katika kisiwa hicho ulitokea mwaka 1909, mahali paitwapo Chinyero. Barabara ya lami haifiki kileleni. Inapanda kutoka baharini, inapita katika misitu ya misonobari, kisha inaingia katika bonde kubwa la kasoko liitwalo Las Cañadas, lenye uwanda wa lava iliyoganda kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Waendesha baiskeli kutoka nchi nyingi huenda huko kila mwaka, wakiwamo mabingwa wanaojiandaa kwa mashindano na watu wa kawaida wanaotaka kujipima.

Katika kundi hilo la pili wamo wagonjwa: mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye kisukari, mwenye pumu, na aliyewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo miaka mitano iliyopita. Mtu wa namna hii anapomwendea mhudumu wa afya na kueleza nia yake, mara nyingi hupewa jibu la neno moja. Wako wanaomkataza kwa hofu, na wako wanaomruhusu kwa sababu wamempima shinikizo la damu akiwa ameketi na kuliona zuri. Majibu yote mawili yanamwacha bila mpango. Aliyekatazwa huenda kimyakimya, na aliyeruhusiwa huenda bila kujua lini asimame.

Somo hili linaonyesha njia ya tatu, nayo ni kuuandika mpando kama inavyoandikwa dawa: kipimo chake, muda wake, madhara yake, na alama za kuuacha. Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya ataweza kukadiria mzigo ambao mpando utauweka juu ya moyo wa mgonjwa, kupitia dawa zake kwa jicho la safari hiyo, na kupanga pamoja naye saa ya kugeuka. Mgonjwa naye ataweza kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Mgonjwa wa mfano

Ili maelezo yasibaki hewani, somo litamfuata mgonjwa mmoja wa kubuni, aitwaye hapa Bwana M. Ni mhasibu mwenye umri wa miaka 52, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Uholanzi kwa miaka 20. Ana uzito wa kilo 74. Huenda kazini kwa baiskeli kila siku na mwishoni mwa wiki huendesha kilomita 60, lakini katika nchi tambarare isiyo na mlima. Ana shinikizo la juu la damu linalodhibitiwa kwa bisoprolol na hydrochlorothiazide. Dada yake, aishiye Muheza, ana mtoto mwenye selimundu. Bwana M. amekusudia kupanda Teide mwezi Mei, kutoka kijiji cha El Médano kilichopo ufukweni, kupitia Granadilla na Vilaflor, hadi ukingo wa bonde la Las Cañadas.

Njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 40 na inapanda karibu mita 2,100, yaani wastani wa mwinuko unaozidi kidogo asilimia 5. Vilaflor, kijiji cha mwisho, kiko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Baada yake barabara inaingia msituni, na hakuna kijiji tena hadi juu.

Hatua ya kwanza: kupima mzigo

Mpando una sifa moja inayomsaidia daktari: mzigo wake unaweza kukokotolewa kabla ya safari. Katika tambarare upepo hubadilisha kila kitu. Mlimani, mwendo ukiwa wa polepole, karibu kazi yote ni kuinua uzito.

Uzito wa Bwana M. pamoja na baiskeli, maji na nguo ni kilo 85. Kuuinua uzito huo mita 2,100 kunahitaji kazi ya kilojuli 1,750 (85 × 9.81 × 2,100). Msuguano wa tairi, upinzani wa hewa na upotevu wa nguvu katika mnyororo huongeza takriban kilojuli 270. Jumla ni karibu kilojuli 2,020. Misuli ya binadamu hugeuza chini ya robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, na sehemu iliyobaki hutoka kama joto. Kwa ufanisi wa asilimia 23, mwili wake utatumia takriban kilokalori 2,100 kwa kupanda peke yake. Kiasi hicho ni karibu sawa na mahitaji ya siku nzima ya mtu anayefanya kazi ya kuketi.

Muda hutegemea nguvu anayoiweka kwenye pedali. Akitoa wati 120, atatumia muda wa saa 4 na dakika 40 hivi. Akitoa wati 100, atatumia zaidi kidogo ya saa 5 na nusu. Mapumziko hayamo katika hesabu hiyo.

Sasa mzigo huo ulinganishwe na uwezo wa moyo. Kizio kinachotumika katika kliniki za moyo ni MET, ambayo 1 ni sawa na matumizi ya oksijeni ya mtu aliyetulia, yaani mililita 3.5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kwa mtu wa kilo 74, wati 100 ni takriban MET 6, na wati 120 ni takriban MET 7. Kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama hukadiriwa kuwa MET 4. Kwa hiyo mgonjwa anayetweta kwenye ngazi za ghorofa ya pili hana akiba ya kupanda Teide, hata kama shinikizo lake la damu ni zuri akiwa ameketi.

Bwana M. alipimwa moyo akiwa kwenye mazoezi na akafikia MET 10 bila maumivu ya kifua wala mabadiliko hatari ya umeme wa moyo. Mtu asiye mwanamichezo hawezi kufanya kazi kwa saa nyingi akiwa karibu na kilele cha uwezo wake. Kiwango cha busara ni takriban asilimia 60. Kwa wati 120 angekuwa kwenye asilimia 70, na kwa wati 100 yuko kwenye asilimia 60. Hapo kipimo cha dawa kimepatikana: wati 100, kwa muda wa saa 5 na nusu. Asiye na mita ya wati kwenye baiskeli atumie kipimo cha mazungumzo, yaani aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati.

Kipimo cha mazungumzo kina umuhimu wa pekee kwa Bwana M. Bisoprolol hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itamdanganya. Itamwonyesha mapigo 115 na kumwambia kwamba kazi ni nyepesi, huku mwili ukiwa umekaribia ukomo wake.

Gia ni sehemu ya tiba. Kwa wati 100 kwenye mwinuko wa asilimia 5 hivi, mwendo ni takriban kilomita 7 kwa saa, yaani mita 117 kwa dakika. Gurudumu la kawaida husafiri mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa gia nyepesi kabisa ina meno 34 mbele na 34 nyuma, miguu itazunguka mara 55 kwa dakika, kasi ambayo magoti huivumilia. Ikiwa nyuma kuna meno 28 tu, mizunguko itashuka hadi 46, na katika vipande vikali zaidi itashuka tena. Hapo mwendeshaji hulazimika kukanyaga kwa nguvu kubwa na kubana pumzi, na kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Fundi wa baiskeli aliyefunga gia nyepesi amemsaidia mgonjwa huyu kama alivyomsaidia mfamasia.

Hatua ya pili: hewa ya juu

Wengi hudhani kwamba mlimani oksijeni hupungua katika hewa. Sehemu ya oksijeni haibadiliki. Ni asilimia 21 ufukweni na kileleni. Kinachoshuka ni kanieneo ya hewa inayoisukuma oksijeni hiyo iingie katika damu. Kwenye mita 2,100 kanieneo imepungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Kuanzia mita 1,500, uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Hivyo MET 10 za Bwana M. zitakuwa kama 9.4 atakapofika ukingoni, wakati huohuo amechoka. Baada ya Vilaflor anapaswa kupunguza nguvu kidogo, ingawa moyo wake utamshawishi aongeze kwa kuwa mwisho unakaribia.

Mkazi wa Mbeya au Nairobi, aliyezoea kuishi karibu mita 1,700, atauhisi upungufu huu kidogo kuliko mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Uholanzi. Mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache za kuishi pwani.

Ugonjwa wa mwinuko, unaoanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida, kwa kawaida hutokea juu ya mita 2,500. Barabara ya Teide haifiki hapo. Hata hivyo, ndani ya bonde kuna gari la kamba linalowainua wageni kutoka mita 2,356 hadi mita 3,555 kwa dakika chache. Mtu aliyepanda kwa baiskeli kwa muda wa saa sita, ambaye maji na sukari vimepungua mwilini mwake, asilipande gari hilo siku hiyo. Litamsubiri kesho.

Selimundu: swali lisilosahaulika

Katika jamii za Afrika Mashariki, swali moja linapaswa kuulizwa kabla ya safari yoyote ya jasho jingi kwenye mwinuko: "Ndugu yangu, katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu?" Bwana M. alijibu kwamba yuko mpwa wake. Mtoto mwenye selimundu kwa kawaida amerithi kinasaba cha ugonjwa kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo dada yake Bwana M. anabeba kinasaba hicho. Ikiwa mzazi mmoja wa ndugu hao naye alikibeba, uwezekano wa Bwana M. kukibeba ni nusu kwa nusu. Alipimwa damu, ikathibitika kwamba anacho kinasaba kimoja.

Mwenye kinasaba kimoja si mgonjwa. Huishi maisha ya kawaida, na wengi hawajui kamwe kwamba wanacho. Lakini mambo manne yanapokutana, yaani kazi nzito, upungufu wa maji, joto na upungufu wa oksijeni, chembe nyekundu za damu zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa midogo. Yapo madhara mawili ambayo kila mhudumu wa afya anapaswa kuyajua. La kwanza ni kuishiwa nguvu za misuli kwa ghafla wakati wa kazi nzito, pengine bila mkakamao wa wazi unaoonekana kwa anayebanwa na misuli. Mara nyingi mtu huyu huonekana mvivu na huhimizwa aendelee, na himizo hilo linaweza kumuua. La pili ni kuziba kwa mishipa ya bandama kwenye mwinuko, kunakoleta maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu.

Kwa hiyo Bwana M. hakukatazwa kwenda, ila mpango wake ulibadilika katika mambo matatu: hatapanda kwa kasi ya mashindano katika kipande chochote, hataendelea akihisi misuli inalegea, na maumivu ya ubavu wa kushoto yatamfanya ashuke na kwenda hospitali, akimweleza daktari wa huko kwamba anabeba kinasaba cha selimundu. Maneno hayo ameyaandika kwenye karatasi kwa Kihispania na kuiweka mfukoni. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu asifanye mpando wa namna hii. Achague safari nyingine pamoja na daktari wake.

Hatua ya tatu: dawa katika mfuko wa safari

Mgonjwa asiache wala kupunguza dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa za jamii ya bisoprolol zikikatizwa ghafla huweza kuleta maumivu ya moyo na mapigo yasiyo ya kawaida. Inayotakiwa ni ziara ya kliniki wiki kadhaa kabla ya safari, dawa zote zikiwa mezani.

Hydrochlorothiazide huondoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Siku ya mpando, jasho nalo linaondoa maji na chumvi. Mgonjwa anayejua hilo nusunusu hujilazimisha kunywa maji mengi matupu, naye huangukia hatari ya upande wa pili: kiasi cha sodiamu katika damu hushuka chini ya milimoli 135 kwa lita, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kufikia degedege. Dawa hii pia huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi juani. Daktari wa Bwana M. ndiye atakayeamua kama kipimo cha asubuhi hiyo kisogezwe hadi jioni.

Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zisimezwe kabla ya mpando wala njiani. Katika mwili uliopungukiwa maji, hasa wa mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu, dawa hizo huweza kuumiza figo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, glibenclamide au gliclazide yuko katika hatari ya sukari kushuka njiani na usiku unaofuata, kwa kuwa misuli huendelea kufyonza sukari kwa saa nyingi baada ya kazi. Apime kabla ya kuondoka na kila baada ya muda wa saa moja. Akiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Ikiwa anatumia pia dawa ya jamii ya bisoprolol, dalili za onyo kama mapigo ya kasi na mikono kutetemeka zitafichwa. Jasho hubaki, lakini mlimani kila mtu anatoka jasho. Kwa mgonjwa huyo, kipimo cha sukari ndicho dalili pekee ya kuaminika.

Mwenye pumu afikirie mambo mawili. Hewa baridi na kavu ya juu hubana njia za pumzi, kwa hiyo salbutamol ivutwe dakika 15 kabla ya kuanza na ibaki katika mfuko wa mkononi. Jambo la pili ni upepo uitwao kalima, unaovuka bahari kutoka Sahara ukibeba joto na vumbi laini. Siku ya kalima, anga ya kisiwa hugeuka rangi ya udongo. Mwenye pumu asipande siku hiyo.

Hatua ya nne: chakula, maji na jua

Akiba ya wanga katika ini ni takriban gramu 100, na katika misuli gramu 300 hadi 500. Akiba hiyo haitoshi kwa kazi ya muda wa saa sita isipoongezewa. Kiwango kinachopendekezwa ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25. Ndizi hulimwa kwa wingi katika kisiwa hichohicho, kwa hiyo mtu wa Tanga hatakuwa mgeni wa chakula. Tende na mkate wenye asali hufaa vilevile. Kitu chochote ambacho tumbo halikukijaribu wakati wa mazoezi kisijaribiwe mlimani.

Mahitaji ya maji hupimwa nyumbani. Mwendeshaji ajipime uzito kabla na baada ya kuendesha kwa muda wa saa moja bila kunywa; kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito, ambayo kwa Bwana M. ni kilo 1.5. Anywe afuatapo kiu, kwa wengi nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na kinywaji kiwe na chumvi kidogo. Akimaliza safari akiwa mzito kuliko alivyoanza, amekunywa kupita kiasi. Chupa mbili za robo tatu lita hazitoshi kufika juu. Vilaflor ndipo mahali pa kuzijaza, na kituo hicho kiandikwe katika mpango kama miadi.

Miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ndani ya bonde hakuna kivuli, na baridi ya upepo humdanganya mtu kwamba jua ni dogo. Mafuta ya kukinga jua yapakwe tena pale Vilaflor. Mwenye ualbino avae mikono mirefu, miwani na kitambaa cha shingo tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya tano: kushuka

Mipango mingi huishia kileleni. Hapo ndipo mwili ulipo dhaifu kuliko wakati wote wa siku: sukari iko chini, fulana imelowa, umakini umepungua, na mbele kuna kilomita 40 za mteremko wenye kona. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Ikiwa ufukweni ni nyuzi 22, ukingoni zinaweza kuwa 9. Mtu anayeshuka kilomita 40 kwa saa hatoi joto, kwa sababu misuli imepumzika, naye anajipulizia upepo mkali kwenye nguo mbichi. Vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyovuta breki. Kutetemeka kwa nguvu ni alama ya kusimama na kujifunika. Aliyeacha kutetemeka huku akiongea kwa kukokota maneno anahitaji msaada wa haraka.

Kwa hiyo safari hubeba fulana kavu, koti lisilopenya upepo na glavu ndefu. Akifika juu, Bwana M. asisimame ghafla, akanyage polepole kwa dakika tano ndipo aketi, kwa sababu shinikizo la damu hushuka baada ya kazi ndefu, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kulishusha. Abadilishe fulana kabla ya kupiga picha. Ale, anywe, apumzike robo saa, kisha ashuke akisimama kila baada ya muda kupasha mikono.

Saa ya kugeuka

Sasa mpango unaandikwa kuanzia mwisho. Bwana M. anataka kuwa chini kabla ya jioni, na mteremko pamoja na vituo utachukua karibu saa mbili. Ratiba yake ni hii:

1. Saa moja na nusu asubuhi: kuondoka El Médano.
2. Saa tano na robo: kufika Vilaflor, kupumzika dakika 20, kujaza maji.
3. Saa saba na nusu mchana: kufika ukingoni.
4. Mwisho wa kuvumilia Vilaflor: saa sita kamili. Akifika baada ya hapo, anageuka.
5. Mwisho wa kuvumilia popote alipo: saa nane na nusu mchana. Anageuka hata kama ukingo unaonekana.

Uamuzi huu hufanywa nyumbani, juu ya karatasi, mbele ya shahidi. Ubongo uliopungukiwa sukari na oksijeni hautoi hukumu nzuri, na mtu aliyelipa nauli ya ndege ana kila sababu ya kujidanganya. Mke wa Bwana M., atakayemfuata kwa gari, amekabidhiwa karatasi hiyo pamoja na mamlaka ya kuitekeleza.

Zaidi ya saa, ziko alama za kusimama papo hapo: maumivu au mgandamizo kifuani, mkononi au tayani; pumzi isiyorudi baada ya dakika chache za kupumzika; kizunguzungu au kuzimia; mapigo yanayorukaruka; udhaifu wa ghafla wa misuli; maumivu ya ubavu wa kushoto; kuchanganyikiwa. Namba ya dharura katika Hispania ni 112.

Yeyote ambaye shinikizo lake la damu limefikia 180/110 akiwa ametulia asianze hata mazoezi ya maandalizi hadi lidhibitiwe. Maandalizi yenyewe yachukue wiki 12 hivi. Kwa mkazi wa nchi tambarare, upepo wa mbele na baiskeli ya ndani huchukua nafasi ya mlima, naye aongeze muda kidogokidogo hadi aweze kufanya kazi ya wati 100 kwa saa tatu mfululizo akiongea.

Kanuni hizi hazina mpaka wa Tenerife. Nyanda za volkeno za Rungwe na Ngorongoro nazo zina barabara ndefu za kupanda, na wako watu wanaozipanda kwa baiskeli wakiwa na magunia ya viazi au mikungu ya ndizi, bila kupimwa na mtu yeyote. Mhudumu wa afya aliyejifunza kukokotoa mzigo wa mtalii ataweza pia kumkokotolea mkulima huyo.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa kilo 74 amefikia MET 8 katika kipimo cha mazoezi. Je, wati 100 kwa zaidi ya saa tano zinamfaa? (Hapana, MET 6 ni asilimia 75 ya uwezo wake. Aishie Vilaflor kwa nguvu ndogo zaidi, au aongeze maandalizi.)

2. Kwa nini saa ya mapigo haimfai anayetumia bisoprolol, na atumie nini badala yake? (Dawa huzuia mapigo kupanda, atumie kipimo cha mazungumzo.)

3. Mwendeshaji amekunywa lita sita za maji matupu, anaumwa kichwa na amechanganyikiwa. Je, aongezewe maji? (Hapana; ashukiwe kuwa na upungufu wa sodiamu na apelekwe hospitali.)

4. Mtu anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu analegea miguu katika mwinuko mkali, na wenzake wanamhimiza. Kifanyike nini? (Asimame mara moja, apozwe, apewe maji na oksijeni ikiwapo, na msaada uitwe.)

5. Ni saa nane na nusu mchana, na zimebaki kilomita mbili kufika ukingoni. (Anageuka.)